Kufufua baiskeli ya zamani ya chuma: gololi kwanza, rangi mwisho (au usipake kabisa)

Watu wengi wakirithi baiskeli ya mzee iliyolala stoo miaka, kitu cha kwanza ni kukimbilia kopo la rangi ya kupuliza, wanaipiga nyeusi kuanzia fremu mpaka spoku, saa ingine hadi kengele, wanapiga picha wanarusha, afu ukipanda inalia na krenki inacheza kushoto kulia. Mi naomba tuende kinyume. Thamani ya baiskeli ya zamani iko sehemu mbili: ndani kwenye gololi na koni (vile vyuma vinavyobana gololi kwenye ekseli) ambako hakuna anayepaona, na juu kwenye rangi ileile ya kiwandani na mistari yake ya dhahabu, hata kama imechubuka. Ya ndani utairudisha kwa hela ya kawaida tu. Ya juu ukishaipulizia imeondoka.

Naongelea zile za breki za fimbo, tairi 28: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule India, na Swala zilizokuwa zikitengenezwa hapahapa Dar. Kenya wanaziita Black Mamba. Umbo lilitoka Uingereza, wengine wakafuata, kwa hiyo haya maelezo yanafaa kwa zote isipokuwa sehemu chache ambazo nitazitaja tukifika.

1. Ijue kwanza umeshika nini

Kabla ya spana yoyote, ifute vumbi na kitambaa kibichi uitazame. Raleigh ina kichwa cha ndege korongo kwenye kibao cha mbele, na sahani ya krenki (ile ya meno inayovuta cheni) nyingi zimechongwa makorongo watatu kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo hata kibao kikiwa kimeibiwa sahani itakwambia. Kama habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni nene na ina mnyororo mdogo unaotoka kwenye ekseli upande wa kulia, hiyo ni gia tatu ya Sturmey-Archer, futa uchafu kwenye habu utakuta herufi AW na namba, mfano 58 4, maana yake ilitoka kiwandani mwezi wa nne 1958. Hiyo ndo njia rahisi kuliko zote ya kujua umri wa baiskeli, maana namba za fremu zinachanganya watu kila siku. Ila habu nazo huwa zinahamishwa, kwa hiyo ichukulie kama dalili.

Kwanini tunahangaika kujua? Nyuzi, yaani ile mikato ya kuskrubia. Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe kwenye vikombe (vyuma vinavyobeba gololi) vya krenki na vya usukani, nyuzi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Ukienda Kariakoo ukanunua kikombe cha Hero ukakiweka kwenye Raleigh kitaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, afu kinakwama, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Hapo fremu imekufa nyuzi. Kwa Raleigh, vikombe vyake vya asili vitunze hata kama vina alama kidogo, badilisha gololi na grisi tu.

Tazama pia fremu kama imenyooka. Simama nyuma yake, funga jicho moja, angalia kama bomba la siti na bomba la kichwa yanalala pamoja. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapokaribia kichwa, ukisikia kimkunjo ujue iligonga kitu kwa mbele. Fremu iliyopinda hivyo usiingize hela, itumie kama spea.

2. Vifaa

Huhitaji gereji. Spana malaya moja nzuri, spana za kawaida (za Kiingereza zinakaa vizuri kwenye Raleigh, za milimita zinateleza na kula kona za nati), bisibisi, plaizi, nyundo nzito, kipande cha bomba la chuma, spana ya spoku, brashi ya waya, stilwulu, mafuta ya taa, grisi, oili nyepesi na mafuta ya kulegeza kutu. Na makopo matupu ya kutosha. Usioshe kwa petroli ndani ya nyumba, mafuta ya taa yanatosha na hayaripuki ovyo.

Piga picha kila kitu kabla hujakifungua, hasa fimbo za breki. Zile fimbo ukizichanganya utakaa jioni nzima unazigeuzageuza. Kila sehemu na kopo lake: habu ya mbele kopo moja, ya nyuma lingine, usukani lingine. Gololi zihesabu zinapotoka, lakini usiamini hesabu hiyo asilimia mia, mara nyingi fundi wa kabla yako alipungukiwa akaendelea hivyohivyo.

3. Kufungua, na ile habari ya kota

Tairi, madigadi, keria, kava ya cheni, hizo zinatoka zenyewe. Usukani: legeza boliti ya juu mizunguko mitatu hivi, usiitoe, weka kipande cha mbao juu yake ugonge mara moja, ule mbano wa ndani utashuka na usukani utazunguka. Nguzo ya siti inayoingia kwenye fremu ikigoma, mimina mafuta ya kulegeza kwa juu, geuza fremu, mimina na kwa chini kupitia boksi la krenki (pale ekseli ya krenki inapopita), acha silaha chini mpaka kesho.

Pedeli ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, unafungua kwa kuzungusha upande wa kukaza. Kikombe cha krenki cha upande wa cheni nacho hivyohivyo, ila hicho kama hakijala usikiguse kabisa, kioshe hapohapo kilipo.

Sasa kota, zile pini mbili zinazoshika krenki. Hapa ndo baiskeli nyingi za zamani zinaharibiwa. Kota imebanwa kwa mshuko, yaani ubavu wake mmoja umekatwa mteremko na unabana kwenye ekseli, na miaka ya kutu imeiunganisha. Mafuta ya kulegeza weka usiku, asubuhi weka tena. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya kota, usiitoe, kwasababu nati ndo itakayolinda nyuzi zisifunguke kama ua. Kisha chukua kile kipande cha bomba, kisimamishe kuanzia sakafuni mpaka chini ya krenki, kizunguke kichwa cha kota lakini kisikiguse, yaani krenki ikae juu ya bomba na kota ibaki na nafasi ya kushukia. Bila hiyo nguzo nguvu yote ya nyundo inaenda kwenye gololi na vikombe, unavitia mashimo. Ukishaegemeza vizuri, piga pigo moja zito lililonyooka. Vipigo vidogo vidogo ishirini vinapindisha pini bila kuitoa, pigo moja la uhakika linaitoa. Ikipinda hata hivyo, kata kichwa, toboa na drili katikati, itaisha nguvu itoke.

Kota mpya nunua mbili na moja ya akiba. Nyingi ni za unene wa milimita 9.5, lakini zipo za 9, nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe.

4. Kutu

Vitu vidogo vya chuma ambavyo havina rangi, nati, boliti, washa, vyuma vya breki, viloweke kwenye siki au kwenye maji yenye ndimu ya unga usiku mmoja. Asubuhi sugua na brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile tindikali, kausha juani, paka oili saa hiyohiyo, maana chuma kilichotoka kwenye siki kinapata kutu mpya ukikiacha tu mpaka mchana. Usiloweke kitu chenye rangi unayoitaka.

Kwenye kromu, yaani ringi, usukani, krenki, chukua karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ikunjekunje, chovya kwenye maji, sugua. Maji ya kawaida tu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi, ila inabeba kutu, utaona uji wa kahawia unatoka. Pale ambapo kromu imeshabanduka haitarudi, safisha, paka nta ya gari, ishi nayo. Kuna watu wanakwambia upeleke ikapigwe kromu upya, sawa kama una hela, mi naona ringi yenye vidoti vidoti kwenye baiskeli ya miaka 60 haina aibu yoyote.

Msasa kwenye kromu hapana. Hata ule mlaini.

5. Gololi

Hapa usikimbie. Kila kitu kinachozunguka kifunguliwe, kioshwe na mafuta ya taa, kikaushwe, kitazamwe. Shika koni kwenye mwanga uizungushe polepole, ile njia ambayo gololi hupita iwe mstari mmoja unaong'aa sawasawa. Ukiona vishimo, koni inabadilishwa, hakuna dawa. Koni ni rahisi na zipo nyingi, ila linganisha nyuzi na ekseli yako kabla hujalipa.

Gololi badilisha zote hata kama zinang'aa, ni hela ndogo sana. Vipimo vya kawaida kwenye hizi baiskeli: habu ya mbele inchi 3/16, kumi kila upande. Habu ya nyuma ya gia moja, robo inchi, tisa kila upande. Boksi la krenki robo inchi, kumi na moja kila upande. Usukani inchi 5/32, jaza mpaka mduara ukaribie kufunga. Kanuni ni kwamba zikishapangwa kote ibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi moja, ukizibananisha ikakosekana hiyo nafasi zitasuguana na kusagana.

Paka grisi ya kutosha kwenye kikombe, gololi zitajishika zenyewe huku unafunga. Afu kukaza: kaza koni kwa vidole mpaka iguse, rudisha kidogo, shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ukisikia kama kuna mchanga ndani umekaza mno. Ukisikia inacheza juu chini umelegeza mno. Lokinati, ile nati ya nje inayofungia koni, ikikazwa huwa inasukuma koni ndani kidogo, kwa hiyo acha mchezo mdogo sana kabla ya lokinati, ukishakaza utakuta umeisha. Mara ya kwanza utarudiarudia, kawaida.

Kama una ile habu ya AW, usiifungue kama inazunguka. Kweli kabisa. Ina kajifuniko kadogo ka kutilia oili, tia oili nyepesi kijiko cha chai, izungushe, ilaze upande mmoja kisha mwingine, acha usiku, na mara nyingi gia ambazo zilikuwa hazishiki zinarudi. Kilichokuwa kinazizuia ni oili ya zamani iliyogeuka gundi. Grisi usiingize humo.

6. Ringi na tairi

Hesabu spoku kabla ya kununua ringi. Hizi baiskeli kwa kawaida ni 32 mbele na 40 nyuma, ringi za India nazo zipo kwa mpangilio huohuo, lakini muuzaji anaweza akakupa za 36 zote mbili ukajua ukishafika nyumbani.

Tairi andika kabisa kwenye karatasi: 28 x 1½, ile yenye namba 40-635 pembeni. Zipo tairi zingine nazo zinaitwa 28 ila zina namba 622 mwishoni, hizo ni ndogo, hazitapanda hata ulie.

Kunyoosha: kila mtu anaangalia kama ringi imepiga nane, yaani inayumba kulia kushoto. Kwenye baiskeli ya breki za fimbo yumba ya juu chini ni mbaya zaidi, kwasababu mpira wa breki unabana kwa ndani ya ringi, upande unaotazama habu, sio ubavuni. Ringi ikiwa na yai breki inashika inaachia inashika inaachia kila mzunguko. Geuza baiskeli miguu juu, funga kijiti kwenye foku kikaribie ringi, zungusha. Inapoenda kulia legeza spoku ya kulia robo mzunguko, kaza ya kushoto robo. Inapopanda juu, kaza jozi ya pale, ya kulia na ya kushoto kwa usawa. Robo robo tu. Nipeli zenye kutu zitie mafuta siku moja kabla, la sivyo spoku itakatika badala ya nipeli kuzunguka.

Funika vichwa vya spoku kwa utepe wa mpira, tyubu kuukuu ukikata inafaa.

7. Breki za fimbo

Watu wanazitoa wanaweka za waya. Usitoe, ndo sura yenyewe ya baiskeli, na zikirekebishwa zinafanya kazi miaka bila kuguswa. Tia oili kila kiungo, hakikisha kila fimbo inateleza na springi inarudisha. Mipira mipya, na kile kichuma kinachoushika mpira kina upande mmoja uliofungwa na mwingine wazi, upande uliofungwa ukae kule ringi inakoelekea ikizunguka mbele, ukikosea ukibana tu mpira unachomoka. Acha nafasi ya milimita tatu hivi kati ya mpira na ringi, kaza boliti za kurekebisha, bana mara kadhaa kwa nguvu, rekebisha tena maana zitajipanga.

Na ujue mipaka yake: ringi ya chuma ikilowa breki inapungua vibaya sana. Kwenye mvua bana mapema, mpira ufute maji kwanza.

8. Rangi na siti

Sasa ndo rangi. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kwa grisi iliyoganda. Nyeusi ya Raleigh ni ngumu, ukisugua na dawa ya kung'arishia gari itarudisha mng'ao utashangaa. Lakini dawa hiyo usiipitishe juu ya mistari ya dhahabu wala maandishi, yanafutika kwenye kitambaa ndani ya dakika, hayo yapake nta tu. Palipochubuka mpaka chuma, kwangua kutu ya juu, gusia rangi nyeusi ya mafuta kwa brashi ndogo, pale tu palipo wazi. Fremu iliyokwisha kupakwa brashi ya kijani na mtu mwingine, hiyo sina ugomvi nayo, ikwangue upake upya, praima kwanza, matabaka membamba, na ule weupe wa mwisho wa madigadi ya nyuma uurudishe, uliwekwa ili uonekane usiku na bado unahitajika.

Siti ya ngozi kama bado ipo, mfano Brooks B66 yenye springi, una bahati. Usiiloweke, usiipake oili ya injini wala mafuta ya kupikia, yanailegeza inakuwa kitanda. Mafuta mazito ya ng'ombe yakichanganywa na nta ya nyuki, paka chini na juu kidogo kidogo, acha inyonye. Ikiwa imebonyea kaza ile nati ya mbele chini ya pua, nusu mzunguko kwa wakati.

9. Kufunga, cheni na kuiwekea vyako

Kota zinaporudi: ukiweka krenki ya kulia ielekee mbele na nati yake inatazama juu, basi ya kushoto nayo ikija mbele nati yake itazame juu. Ukikosea pedeli hazitalala mstari mmoja. Ingiza, gonga kwa nyundo ukiwa na bomba lilelile chini, ndo ukaze nati. Nati peke yake haivuti kota, inaishikilia tu.

Cheni ni inchi ½ x 1/8. Pima vipande 24 vya nusu inchi: mpya ni inchi 12 kamili, ikifika 12 na 1/8 itupe, inakula meno ya sahani na sahani za korongo hazipatikani ovyo. Kile kiklipu cha kuunganishia, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Acha mchezo wa sentimita moja na nusu hivi katikati.

Gia tatu inarekebishwa hivi: weka namba mbili, chungulia kwenye tundu la nati ya kulia ya gurudumu la nyuma, utaona kale kafimbo kanakounganishwa na mnyororo. Bega lake liwe sawa na ncha ya ekseli, ncha ya ekseli sio ncha ya nati. Usipuuze hili, kati ya mbili na tatu kuna sehemu ambayo hakuna gia, ukiwa umesimama unasukuma mlima pedeli inaachia ghafla na bomba la juu liko palepale.

Kwenye kuiboresha, kitu kimoja kinacholipa kuliko vyote ni sproketi ya nyuma. Hizi zilikuja na meno 18 mara nyingi, nzito kwenye kilima. Weka 22, ongeza vipande vya cheni, na utapanda umekaa. Keria nzito na stendi ya miguu miwili kama utabeba mzigo, taa ya zamani unaweza kuibakiza ganda lake ukaweka taa ya LED ndani. Vyote hivyo vinatoka bila kuacha tundu, na hiyo ndo kipimo changu: usitoboe fremu, usichomelee.

Ukishaipanda kilomita kumi hivi, rudi na spana. Kota zigonge tena na kaza nati, zitakuwa zimekaa ndani kidogo, ukiziacha zinakula ekseli. Spoku zisikilize kwa kuzibana mbili mbili, ambayo imelegea ikaze robo. Nati zinazopotea mara kwa mara ni za madigadi ya nyuma, hizo weka washa za springi.